Mtalawanda

Mimi ndiye niliyeuvaa siku ile,
mtalawanda mmoja, wa mguu wa kushoto,
umetobolewa kisigino, umepitishwa kamba ya katani,
ukaning'inia kifuani tangu asubuhi
kwa kuwa niliomba maji kwa lugha ya mama.
Sheria ya darasa ilikuwa fupi:
uuvae hadi umsikie mwenzio akiteleza ulimi,
umvike yeye. Wa mwisho jioni, fimbo zake.

Padri Jaoua Kerbrat alikuwa akichimba vitunguu,
kanzu ameikunja kiunoni, soksi matope matupu.
Aliniuliza ni pambo gani hilo.
Sikujibu. Akaikata kamba kwa kisu cha kupogolea,
akautia mfukoni, akarudi kwenye tuta lake.
Nikaingia nyumbani shingo tupu,
na kesho imenikaa tumboni.

Mwezi wa Mei wakamchagua:
wakulima wa ngano nyeusi, wachonga mawe,
ndugu wa waume waliobaki Aislandi chini ya maji.
Yeye hakutaka. Askofu ndiye aliyetaka,
na askofu akitaka jambo huliita wito.
Akapanda treni ya Paris na begi moja
na siagi ya chumvi ndani ya jani la kabichi.

Alipanga chumba juu ya duka la mishumaa.
Alfajiri misa, kwa vikongwe watatu na mpiga pasi;
saa nane mchana, Bunge.
Upande wa kushoto walimlilia kama kunguru,
kraa, kraa, kwa ajili ya kanzu nyeusi.
Upande wa kulia walimpa vidole viwili vya mkono,
maana kucha zake zilikuwa na udongo wa kwetu.

Nimesoma kumbukumbu rasmi. Mimi ni mpiga chapa,
najua kinachoachwa nje ili mstari utoshe.
Imeandikwa: *Mheshimiwa anaweka kitu mezani.*
Kitu!
Imeandikwa: *Kicheko.*
Kisha maneno yake: "Mabwana, hiki kina mguu wake.
Mguu wenyewe una miaka minane."
Akaendelea kwa Kibretoni. Spika akagonga kengele,
akamtaka aseme lugha inayoeleweka na Bunge.
"Naam," akasema. "Na mwalimu wake husema hivyo hivyo."

Kura zilihesabiwa. Alishindwa vibaya.
Jumatatu mwalimu alileta mtalawanda mwingine,
wa mguu wa kulia.

Alipata nauli nafuu ya kabichi kwenye reli,
alipata taa ya bandari, moja, inayozimika kwa upepo.
Alipounga mkono kodi ya pombe kali
tukamtoa kwa kura arobaini na moja,
na moja ilikuwa ya baba yangu, mwenye mtambo.
Baba alikwenda kuungama Jumamosi iliyofuata,
akarudi amebeba miche ya vitunguu. Hakusema zaidi.

Miaka ishirini na sita tena alibaki paroko wetu.
Alizika, alibatiza, aligombana na konokono.
Wale waliomwita mbunge aliwajibu, "Marehemu huyo."
Alipokufa kweli nilipanga herufi za tangazo lake,
jina, tarehe, wilaya aliyoiwakilisha,
na nafasi ikaisha.

Ila kuna Jumatatu ile.
Mtalawanda wa kulia nilivikwa mimi wa kwanza.
Nikamsikia Azenor, binti wa mhunzi, dirishani.
Nikanyoosha kidole.

Noeli aliporudi nilipiga magoti mbele ya wavu
nikamwambia, yeye aliyechekwa kwa ajili yangu.
Alikaa kimya hata nikadhani kalala.
Kisha akauliza: "Azenor alisema neno gani?"
"Glav," nikasema. Mvua.
"Glav," akasema, polepole,
kama anayeonja kama chumvi imekolea.
Hakunipa malipizi.
Nje ilikuwa ikinyesha kweli.